Ploti yangu iko kwa mteremko, ni lazima tinga ichonge yote?

SWALI: Habari yako injinia. Niko na ploti ya 50 kwa 100 huku Uthiru, udongo mwekundu, na inateremka kuelekea kwa jirani, tukipima na fundi tulipata kutoka juu mpaka chini ni kama futi 12. Sasa kontrakta anasema sheria inataka maji yakimbie mbali na nyumba kwa hivyo lazima alete tinga isawazishe ploti yote kabla ya msingi. Huko chini kuna miparachichi miwili shosho alipanda na sitaki ing'olewe. Ni ukweli?
Mama Watatu, Uthiru

JIBU: Mama Watatu, hiyo tinga ingoje kwanza. Kontrakta wako ameshika nusu ya maneno. Maji kukimbia mbali na msingi ni lazima, hapo hakuna kubishana, lakini hiyo kanuni inaongea juu ya ardhi iliyo karibu na ukuta tu. Kwa mfano kanuni za nyumba za Marekani zinataka ardhi ishuke inchi 6 kwenye futi 10 za kwanza kutoka kwa msingi, na mahali boda ya ploti ama kilima kinazuia hizo futi 10, zinakubali mtaro wa kupeleka maji kando. Hakuna mahali zimesema ploti iwe kama uwanja wa mpira.

Hebu fikiria vile itakuwa akisawazisha yote. Juu atakata futi 6, chini atajaza futi 6, hiyo ni kama mita 200 za ujazo za udongo zimetolewa hapa zikawekwa pale, na nyumba yako nusu itakaa kwa ardhi ngumu nusu kwa udongo wa kujaza, na ule wa kujaza usiposhindiliwa vizuri kidogo kidogo utadidimia tu mpaka ukuta upasuke katikati. Juu utahitaji ukuta wa kuzuia kilima, chini mwingine wa kuzuia ule udongo umejaza, na hizo kuta mbili zinaweza kukula pesa kuliko msingi wenyewe.

Mimi ningefanya hivi. Acha nyumba ifuate mlima. Kama ina urefu wa futi 40 kuteremka, hapo ardhi inashuka karibu futi 5, so gawanya sakafu mara mbili, sebule juu na vyumba vya kulala chini, katikati ngazi nne tu. Unachimba pale nyumba inakaa na njia ya kupita mafundi, basi. Upande wa juu ndio wa kuangalia sana kwa sababu maji ya kilima yanakuja yakielekea ukutani, hapo ndio unachonga ardhi iteremke kidogo kutoka ukutani halafu mtaro mpana wa nyasi uzungushe maji pande zote mbili za nyumba. Yakifika chini usiyaelekeze kwa jirani kwa mkondo mmoja, yatachimba shamba lake na utakuwa na kesi.

Nimeona saiti moja ikichongwa yote mwezi wa tatu, hakuna hata nyasi imebaki, mvua ndefu ikaanza na ule udongo mwekundu wote ukashuka barabarani, mwenyewe akalipa lori kuurudisha. Iliniuma sana manake haikuwa lazima. Chimba kiangazi, na ule udongo wa juu mweusi mweusi weka kando uufunike, utaurudisha ukimaliza kujenga halafu upande nyasi hapo.

Miparachichi izungushie ua mpaka pale matawi yanaishia, na usikubali wamwage udongo juu ya mizizi hata kama ni inchi chache, mizizi hukosa hewa na mti hukauka polepole baada ya wewe kuhamia.

Kabla hujalipa deposit ya tinga, mwambie kontrakta akuchoree ploti ikikatwa kwa upande ionyeshe mstari wa ardhi ya sasa na ile anataka. Mchoro wa kaunti pia ulingane na huo, ukibadilisha levo za nyumba baada ya kupitishwa itabidi urudi kwao.