Kabla ya kufunga kikapu, afundishwe kutua

Swali la wiki liliuliza: dada aliyecheza mpira wa kikapu chuoni, akitazama nyuma, ana nini cha kumwachia binti anayeanza leo? Wengi watataja nidhamu na ushirikiano. Sawa, lakini hayo hata kwaya inafundisha. Mchezaji wa zamani mwulizeni kuhusu magoti.

Katika kikapu, wanawake huchanika kano ya mbele iliyo ndani ya goti (ACL), ile inayoshikanisha mifupa, mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi bila kuguswa na mtu. Binti anaruka kudaka ribaundi, yaani mpira uliokosa kikapu, anatua kwa mguu mmoja ulionyooka, goti linaingia ndani, basi. Huku Iringa na Mbeya wengi wanatokea kwenye mpira wa pete, ambako ukidaka huruhusiwi kukimbia na mpira. Mazoea ya kufunga breki kwa mguu mmoja wanakuja nayo.

Kwa hiyo mtafutie kreti ya soda. Igeuze kifudifudi, iegemee ukuta isiteleze. Asimame juu, ashuke bila kuruka, atue kwa miguu yote miwili: vidole kwanza, kisigino baadaye, magoti yamekunjwa. Abaki hivyo ukihesabu mpaka tatu. Tazama goti kwa mbele. Likipita upande wa ndani wa kidole gumba, hiyo haihesabiki. Kisha fumba macho usikilize: akitua kwa kishindo, ametua amekakamaa. Mara sita, raundi tatu, siku tatu kwa wiki, mwanzoni mwa mazoezi miguu ikiwa na nguvu. Makocha wengi huharibu hapa, wanapandisha kreti juu ya kreti. Kinachofuata si urefu. Atue akiwa amedaka mpira, halafu atue huku mwenzake anamsukuma kidogo begani.

Juni na Julai sweta isivuliwe mpaka mwili upate joto, na saruji ifagiliwe, maana vumbi juu ya saruji linateleza.

Mpira uwe namba 6, saizi ya wanawake. Vyuo vya Marekani vyenyewe viliwachezesha wanawake kwa mpira wa wanaume mpaka mwaka 1984, hivyo tusijilaumu sana. Namba 7, ule wa wanaume, ni mzito kuliko namba 6. Mpira mzito humfanya binti arushe kwa kujipinda mwili mzima, na akijipinda hewani anatua amepinda. Uliojazwa Dar, utoe upepo kidogo ukifika Mbeya: kwenye mita 1,700 hewa ya nje ni nyepesi, mpira unakaza na kudunda kupita kiasi.

Akisikia "pa!" ndani ya goti na likavimba ndani ya saa chache, asichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 20, mguu uinuliwe, kisha hospitali yenye daktari wa mifupa, hata kama wiki ijayo anatembea vizuri. Wengi hutembea vizuri tu, mpaka siku wanapogeuka ghafla na goti likawaachia.