AC ya gari ikiacha kupooza, uliza kwanza gesi inavujia wapi

Dereva akiwasha AC ikaleta vuguvugu, neno la kwanza kumtoka ni "gesi imeisha". Mafundi wengi huitikia hapohapo: mtungi unaletwa, mpira unachomekwa, ubaridi unarudi, unalipa na kuondoka umeridhika. Baada ya miezi kadhaa, wakati mwingine wiki, joto ni lilelile. Gari ninaloendesha nililinunua likiwa na historia hiyo. Aliyeniuzia alikuwa akilijaza gesi kila msimu wa joto, na akanitahadharisha kabisa kwamba "hili linakula gesi".

Hakuna gari linalokula gesi. Petroli inachomwa na oili ya injini inaweza kuungua, lakini gesi ya AC inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye mipira kwa kipindi cha miaka mingi. Ikipungua ndani ya msimu mmoja, kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kupatafuta mahali hapo ni kuimwaga hewani kwa pesa yako.

Ni vizuri kujua mzunguko wenyewe unavyokwenda, kwa sababu dalili zote zinatoka humo. Kompresa inaikandamiza gesi, inakuwa ya moto na yenye presha kubwa. Inapelekwa kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, inapozwa na kugeuka majimaji. Inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha inalazimishwa kupenya kwenye vali yenye njia nyembamba. Ikitoka upande wa pili presha imeshuka ghafla, nayo inachemka ndani ya koili iliyofichwa nyuma ya dashibodi. R134a, gesi ya AC iliyomo kwenye magari mengi, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa, na ili ichemke inahitaji joto. Joto hilo inalichukua kwenye hewa ya ndani ya gari, na hapo ndipo ubaridi unapopatikana.

Kabla hujamkubalia mtu alete mtungi, keti kwenye gari uchunguze mwenyewe. Hewa ikitoka kidogo lakini ya baridi, gesi haina kosa: angalia kichujio cha hewa ya ndani, mara nyingi kimeziba vumbi na majani. AC ikipooza vizuri barabarani na kuchoka kwenye foleni, tazama feni ya kondensa inazunguka, na kama mapezi ya kondensa yamejaa matope na wadudu. Ikianza vizuri, kisha baada ya nusu saa upepo ukafifia, koili ya ndani huenda inaganda barafu. Kuna pia kilango kidogo ndani ya dashibodi kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Kikikwama upande wa moto, hata ujaze gesi mitungi mitatu hutapata kitu.

Halafu fungua boneti, mtu mwingine awashe AC, usikilize kompresa. Zenye klachi, yaani kishikio kinachoiunganisha kompresa na puli, hutoa mlio mkavu wa "tak" zinaposhika, na ile sahani ya mbele huanza kuzunguka pamoja na puli. Isiposhika, inaweza kuwa fyuzi, rilei, klachi iliyolika, au swichi ya presha imekataa kwa sababu gesi ni kidogo mno. Swichi hiyo ipo kwa sababu nzito: oili inayolainisha kompresa husafirishwa na gesi yenyewe, kwa hiyo gesi ikipungua, kompresa inajisaga kavu. Nimewahi kuona fundi akiiruka swichi kwa kipande cha waya ili kompresa izunguke "tuone". Nilimwomba akitoe mara moja. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kuua kompresa na kutawanya chembe za chuma kwenye mfumo mzima. Magari mengi ya siku hizi hayana klachi kabisa, puli na kompresa huzunguka muda wote, na hapo mlio hautakusaidia, itabidi vipimo.

Sasa tuje kwenye uvujaji wenyewe. Kwa kuwa gesi inatembea na oili, inapovujia hubaki alama ya mafuta, na vumbi hunasa hapo. Pita na tochi kwenye kila kiungo, kondensa yote, shingo ya kompresa karibu na klachi, na vali mbili za kujazia. Kwenye gari langu alama ilikuwa kwenye kiungo cha bomba linaloingia kondensa: doa jeusi, lenye kunata, lisilozidi ukucha wa kidole gumba, limejificha chini ambako hulioni mpaka uinamishe kichwa. Kwa kuwa kulikuwa na rangi maalumu iliyowahi kuwekwa ndani, tuliangaza taa ya urujuanimno na kiungo kikawaka njano-kijani. Fundi alipokifungua, oringi, ile pete ya mpira inayoziba kiungo, ilikuwa imebonyea na kuwa bapa upande mmoja, ngumu kama plastiki, haikunjiki. Kipande cha mpira ambacho bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya kujaza gesi mara moja ndicho kilichokuwa kinalipiwa kila mwaka.

Oringi mpya iwe ya mpira unaofaa gesi yako, na ipakwe oili ileile ya kompresa kabla ya kufungwa, la sivyo hujikunja na kukatika wakati wa kukaza. Maji ya sabuni husaidia kwenye viungo vinavyofikika, hasa kwenye zile vali za kujazia, ambazo watu huzisahau. Uvujaji wa koili ya ndani ni mgumu zaidi kuuona. Kifaa cha kunusa gesi kikipelekwa kwenye matundu ya hewa au kwenye kijibomba kinachotoa maji chini ya gari, huweza kuubaini. Mfumo mtupu ujaribiwe kwa naitrojeni kavu. Usikubali upepo wa kompresa ya matairi: unaingiza unyevu, na R134a ikichanganyika na hewa chini ya presha kubwa inaweza kuwaka.

Kinachofuata ni kuvuta vakyumu, na hapa ndipo watu wengi huharakisha. Pampu ifanye kazi nusu saa au zaidi. Inaondoa hewa, na pia inashusha presha mpaka maji yaliyomo yachemke na kutoka kama mvuke. Unyevu ukibaki huganda kwenye vali nyembamba, na ukichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula chuma polepole. Mfumo ukiwa umekaa wazi muda mrefu, draya ibadilishwe, maana imeshashiba unyevu. Pampu ikizimwa, sindano ya geji ikae palepale. Ikirudi, bado kuna tundu. Lakini kukaa kwake si uthibitisho kamili, kwa kuwa tundu jingine hufunguka tu presha inaposukuma kutoka ndani.

Kuhusu kujaza, nina msimamo mkali: gesi ijazwe kwa mizani. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gramu, na magari mengi madogo huhitaji kama nusu kilo tu. Kosa la gramu 100 hapo ni kubwa. Geji pekee haiwezi kukuambia kiasi. Injini ikiwa imezimwa na joto la nyuzi 25, R134a itaonyesha takriban psi 82 iwe imebaki robo au imejaa sawasawa, kwa sababu maadamu kuna majimaji hata kidogo ndani, presha inafuata joto, haifuati wingi. Injini ikiwaka presha hubadilika kwa hali ya hewa, kasi ya injini na feni. Geji ni chombo kizuri cha kutafuta ugonjwa. Kipimo cha ujazo ni mizani. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua badala ya kuongezeka na kompresa hubeba mzigo usio wake.

Kwa hiyo mtafute fundi mwenye mashine inayonyonya gesi iliyobaki kwanza. Mwambie akupe namba: zimetoka gramu ngapi, zimeingia ngapi. Zikitoka 420 kati ya 450, gesi haikuwa shida, utafute kwingine. Mashine hiyo pia inazuia gesi kuachiwa hewani, na hilo ni jambo zito, kwani kilo moja ya R134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ukaa.

Ukiamua kutumia kopo la kujijazia, vaa glavu na miwani, maana gesi ikikugusa inagandisha ngozi. Chomeka upande wa presha ndogo pekee, kwenye bomba nene, na ulishike kopo wima. Kopo linalosema linaziba matundu liache: dawa hiyo huganda ndani ya vali na mashine za mafundi, na wengi watalikataa gari lako wakijua. Usikubali pia gesi ya kupikia. Inapooza kweli, lakini inawaka, na koili yake iko mbele ya magoti yako.

Hakikisha na aina. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R12, iliyoachwa baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Ikaja R134a, na sasa magari mapya mengi yana R1234yf, hasa yale ya Ulaya ambako tangu 2017 magari mapya hayaruhusiwi R134a. Hazichanganywi. Kwenye magari ya haibridi na ya umeme, oili nayo ni ya pekee: kompresa inaendeshwa na umeme mkubwa, na oili ya kawaida ya kompresa, iitwayo PAG, inapitisha umeme. Fundi asiyejua tofauti hiyo asiliguse.

Kazi ikiisha, weka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, uendeshe dakika kumi, uandike namba hiyo pamoja na joto la nje siku hiyo. Mimi ninaziandika kwenye daftari la gari, pamoja na gramu zilizoingia. Na msimu wa baridi washa AC dakika chache kila wiki, ili oili ifike kwenye sili ya kompresa isikauke.