Usimkate mama yake Liyongo

Mkuu, simama hapohapo. Nimeusoma mpango wako wa riwaya: Fumo Liyongo, shujaa wa utendi wa Waswahili, umemfanya wa leo, baunsa wa Mombasa anayewindwa na tajiri mwenye wivu. Saada, ambaye katika utendi ni mjakazi, umemfanya mchumba wake, na mama mtu umemwondoa kwa kuwa "anapunguza kasi ya kisa". Umeuliza uiweke enzi gani, uandike kwa Kiswahili sanifu au Kiamu (lahaja ya Lamu), jalada liweje na uuzie wapi. Hayo yote yasubiri. Hilo la mama ndilo litakalokuzika, na nalijua kwa sababu nilifanya vilevile, neno kwa neno.

Nilichapa nakala 400 kwa akiba yangu mwenyewe. Mpaka leo maboksi yako chini ya kitanda.

Aliyenishauri alikuwa mwendesha warsha mmoja ya uandishi, na pesa ya ada nilimlipa. Aliipitia rasimu yangu kwa dakika chache, akachora msitari mwekundu kwenye kila ukurasa wenye mama. "Msomaji wa leo hataki bibi kizee, anataka mpenzi." Nilipojaribu kubisha akaniletea Waingereza: hata kwenye visa vya Mfalme Arthur, akasema, shujaa Lancelot aliongezwa baadaye na Mfaransa, na hakuna aliyelalamika. Ni kweli, katika kitabu cha Geoffrey wa Monmouth, karne ya 12, Lancelot hayumo. Chrétien de Troyes ndiye aliyemleta kama mpenzi wa malkia, mke wa Arthur, miongo kadhaa baadaye. Lakini jamani, kuongeza si kukata! Penzi lile liliingia likapewa kazi, na kwa wasimulizi waliofuata ndilo lililoipasua Meza ya Mviringo, yaani kundi la mashujaa wa Arthur. Mimi niliambiwa nitoe mtu aliyekuwa na kazi tayari. Yule bwana ukimpa kisa cha Sindbad baharia ataifuta bahari kwa sababu inachelewesha safari.

Sasa nikuonyeshe mama anashika nini, maana hata mimi sikukiona mpaka nilipokwenda Lamu na kitabu changu mkononi. Jioni moja nilikuwa nikiwasomea watu sura ya gerezani. Liyongo wangu anatoroka kwa bastola aliyopenyezewa na Saada. Kando alikaa mama mmoja mtu mzima, anachekecha unga, anasikiliza bila kuinua uso. Nilipomaliza, mkono wake ukasimama.

"Na mamake yu wapi?"

Nikasema, kwenye kitabu changu hayumo. Akakung'uta chekecheke, zikabaki zile wishwa, makapi ya nafaka, akazikusanya kiganjani akanionyesha. "Mwanangu, hizi ndizo zilizomtoa."

Nilirudi nyumbani nikausoma utendi alioutunga Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, safari hii kwa utulivu. Liyongo amefungwa Pate kwa amri ya sultani. Kila siku mama anapika chakula kizuri, Saada anakipeleka, walinzi wanakula vinono na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anamtuma Saada kwa mama kwa njia ya wimbo, mbele ya walinzi haohao: aoke mkate wa wishwa, ndani yake atie tupa. Walinzi wanaupokea, wanaudharau, wanaupitisha. Nani atanyang'anya mkate wa makapi? Kisha Liyongo anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na mji mzima unaimba huku yeye akikata pingu kwa tupa chini ya kelele hizo.

Hebu tazama utendi ulivyoshikana. Uroho wa walinzi, uliomtesa muda wote ule, ndio unaomfungulia mlango, na aliyeujua uroho huo vizuri ni mwanamke anayeona sahani zinarudi tupu huku mwanawe anakonda. Ukimtoa yeye, mkate hauna mwokaji. Ukitoa mkate, walinzi wanabaki mapandikizi ya kupigwa risasi tu. Niliandika kurasa 11 za risasi mahali ambapo Kijuma alihitaji mkate mmoja!

Na hujafika kisimani. Mwana wa Liyongo (wapo wanaosimulia kuwa ni mpwa) anarubuniwa na sultani kwa ahadi ya kuozwa binti yake, anamchoma baba kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo anaamka na uchungu, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na mshale mkononi, anakufa katika hali hiyohiyo. Watu wanamwona kwa mbali, hakuna anayethubutu kusogea, na mji unakaa na kiu ukiogopa maiti. Wanamwendea nani? Mama. Ndiye anayepelekwa kumbembeleza mwanawe aweke silaha chini, na anambembeleza asijue kwamba amekwisha kufa. Mpaka mwili unaanguka wenyewe.

Mkuu, mimi nilikuwa na tukio hilo mkononi nikaliacha. Nikamuua Liyongo kwenye maegesho ya hoteli, mistari minne. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo kabla hujaendelea: chukua utendi wenyewe, na daftari. Muhtasari wa mtihani uweke kando, na filamu ya mtu pia. Kila mtu anayetajwa mwandikie mambo mawili, anafanya nini na nini kitaanguka asipokuwepo. Usimguse yeyote mpaka safu ya pili ijae. Baada ya hapo mhamishie Liyongo Mombasa, mfanye baunsa, mpe pikipiki, hilo halina neno; mimi si katika wale wanaotaka kila kitu kibaki Shaga, mji wa Liyongo wa kale. Mkate unaweza kuwa hotipoti ya viporo inayopita geti la mahabusu. Kisima kinaweza kuwa bomba la mtaa siku maji yamekatika. Lakini awepo mtu anayejua walinzi wanakula nini, na awepo wa kuitwa siku wote wanaogopa kusogea.

Futa leo ule mpango wa kumwondoa mama. Ukishaiandika upya sura ya gerezani, mama akiwa jikoni, nitumie. Nitaisoma usiku huohuo.