Mnaniuliza kuhusu "chômage"

Binamu ameniandikia: "Kaka, ni kweli huko Ufaransa ukikosa kazi serikali inakulipa ukae tu? Si heri nije nikae huko?" Nawajibu wote kwa pamoja, maana hata shangazi ameuliza.

Malipo yapo. Hapa Lyon mtu husema "je touche le chômage", yaani napokea pesa za wasio na kazi. Lakini sharti uwe umefanya kazi ya mkataba, kwa kawaida miezi 6 ndani ya miaka 2 iliyopita. Ukiacha kazi mwenyewe, mara nyingi hupati kitu. Mkataba wangu wa kwanza, wa kuosha vyombo hotelini, ulikwisha nikiwa na miezi 5. Sikupata hata senti. Sikuwaambia, na nisameheni kwa hilo.

Siku ile Mrundi mmoja niliyefanya naye kazi alinipa pole: "Sasa umekuwa mshomeri." Kwao kukosa kazi ni ubushomeri, na Wanyarwanda husema hivyo hivyo, ni chômeur ya Kifaransa iliyovishwa viambishi vyao. Nililichukia neno lile. Kwa kuwa muda nilikuwa nao, nilikwenda maktaba nikalitafuta katika kamusi kubwa.

Kumbe asili yake haina ubaya wowote. Limetoka kwa Kilatini caumare, kupumzika wakati wa joto la mchana, nalo lina mzizi wa Kigiriki, kauma, joto linalounguza. Mtu anaweka jembe chini, anaingia kivulini, jua likipoa anarudi shambani. Maana hiyo ya mapumziko haijafa: Mei Mosi hapa ni "jour chômé", wafanyakazi wengi hukaa nyumbani na mshahara haukatwi.

Nikiwa pale nilimwona akilini baba yangu, kule Kamukunji, Nairobi, ameinamia bati la sanduku tangu asubuhi, jasho linadondoka juu ya bati na kukauka papo hapo. Kazi hiyo tunaiita jua kali. Joto lile lile liliwapa wenzetu neno la kupumzika, sisi likatupa jina la kazi. Nilirudisha kamusi rafuni nikalia, sifichi.

Kwa sababu chômage ninayoijua mimi haina kivuli cha mti. Ni chumba kimoja, Januari, umezima kipasha joto kwa kuogopa bili, na simu haiiti.

Binamu, sikukatazi kuja. Ukija, kila mwezi dai karatasi ya mshahara, wanaiita fiche de paie, na usitupe hata moja. Anayekulipa mkononi bila karatasi, saa zako kwake hazihesabiwi popote. Na ile mashine ya kukunja mabati usiiuze kutafuta nauli. Mwachie baba.