Barua kwa Mwanangu Doto

Mwanangu Doto,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, kisha nikampa mama yako. Akasema "mh", akarudi jikoni. Unauliza kama kumwomba Neema mpime vinasaba kabla hujaandikisha jina lako kwenye cheti cha mtoto ni kumtukana.

Kama ni tusi au si tusi, Neema ndiye ajuaye. Mimi nilipomaliza kusoma nilimkumbuka Mabula.

Unakumbuka msiba wa baba yako mdogo Masanja, Kahama, 2013? Mabula alikuwa na miaka kumi na saba. Mwendo wa Masanja, kicheko cha Masanja, hata kile kidole kilichopinda. Kijiji kizima kilimwita Masanja Mdogo. Lakini sura si cheti, nimewaambia tangu mkiwa wadogo. Mama yake alikwenda kumwandikisha peke yake, na mahali pa jina la baba pakabaki mstari mtupu.

Baada ya matanga ukoo ukakaa kuteua msimamizi wa mirathi na kuorodhesha watoto. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Tulipofika kwa Mabula, shangazi yako akauliza, "Na huyu tumwandike mtoto wa nani?" Kimya. Nilingoja wazee waseme, nao walikuwa wakiningoja mimi. Nikaandika majina matano, nikapiga mstari chini yake. Wakati huohuo Mabula alikuwa anatunawisha mikono, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Alisikia. Akaendelea hadi mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho nilikuwa mimi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kwenda mahakamani kuthibitisha nani mzazi, hata kabla mtoto hajazaliwa. Mzazi akishafariki, inahesabu miaka mitatu. Mama yake Mabula alipopata nauli na wakili, ulikuwa mwaka wa tano.

Kinachonikera ni kwamba Masanja hakumkana hata siku moja. Taratibu za kimila zilizoandikwa 1963 zilimpa njia: asiyetaka kumuoa mama alimpa baba wa binti shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa, na mtoto akawa wake. Shilingi mia, Doto! Mzee alimkumbusha. Akajibu, "Haraka ya nini, mtoto si anajulikana?" Alijulikana kweli. Mpaka siku ile ya kalamu.

Lakini pia sitaki kukuonea. Yupo mwanamume anayesaini kwa aibu, kisha anamlipiza mtoto kwa miaka ishirini. Huyo afadhali angepima. Bibi yako alikuwa akisema kitanda hakizai haramu, nami nampenda kwa neno hilo, ila kitanda hakiendi RITA, kwa wasajili wa vizazi, kuchukua cheti. Sura si cheti, na mapenzi vilevile si cheti. Ndiyo, najua, hata cheti hakimbebi mtoto kwenda kliniki usiku. Najibishana mwenyewe hapa.

Mkipima, msidanganywe na vichochoro. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kunakopimwa vinasaba, mtu hajiendei tu. Mnapitia kwa afisa ustawi wa jamii, wakili au mahakama. Na ujue jambo moja ambalo vijana hamlijui: shauri likifika mahakamani, mzazi akikataa kupimwa, kukataa kwenyewe ni ushahidi. Hata kumtambua mtoto mbele za watu ni ushahidi. Kwa hiyo ile picha uliyotuma kwenye kundi la familia, umemshika mtoto na kuandika "wangu", imeshasema kitu, utake usitake.

Nilikusudia nisikwambie la kufanya. Wewe una miaka thelathini na moja. Pimeni au msipime. Ila siku utakayokwenda kuandikisha, mwende wawili, na usiahirishe ukisubiri mshahara au mahari, maana Masanja naye alikuwa anasubiri pamba iuzwe. Haya, nimesema, mama yako atanicheka.

Yeye ameshanunua vitenge viwili na beseni la kumwogeshea mtoto. Hajaniuliza kama mmepima.

Baba yako