Maswali ya Wasomaji: Orodha ya programu kumi na tano na mashine moja iliyochoka

*Yaya, jambo. Mimi nauza vitenge Kamalondo. Mzigo wangu unatoka Guangzhou, unashukia bandarini Dar es Salaam, kisha unapanda lori hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mtoto wangu alinionyesha kwenye intaneti makala ya "programu 15 bora za kuzungumza kwenye kompyuta". Tukapakua sita. Sasa nikiwasha mashine naweza kusonga bukari ikaiva kabla haijafunguka, na wateja bado wananiandikia kulekule kwenye simu. Nibaki na ipi? — Mama wa vitenge, Kamalondo*

Mama, jambo sana. Ulifanya vema kuileta mashine yenyewe hapa kibandani kwangu, soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, na makala ukaiacha wazi. Niliisoma yote jioni ile, kalamu mkononi. Juu kabisa wameandika kwamba imesasishwa mwaka huu. Lakini namba tatu ni Skype. Skype ilianza 2003, Microsoft ikainunua 2011, na tarehe 5 Mei 2025 ikafungwa. Namba tisa ni Yahoo Messenger, iliyofungwa Julai 2018. Namba kumi na moja ni ICQ, iliyozimwa Juni 2024. Namba kumi na nne ni Hangouts ya Google, nayo haipo tangu 2022. Programu nne kati ya kumi na tano zimekufa, na aliyeandika anamwambia mama wa watu azipakue.

Hilo liliniuma, nakwambia kweli. Mega ulizotumia zimetoka kwenye faida ya kitenge, na faida ya kitenge naijua ilivyo nyembamba.

Makala za namna hii nyingi huandikwa na mtu ambaye hajafungua hata programu moja kati ya anazozisifu. Anachukua orodha ya mwenzake, anageuza maneno, anageuza tarehe. Pesa yake inatoka kwenye matangazo, au kwenye kiungo: ukibonyeza ukanunua, naye anakatiwa kamisheni. Ndiyo maana zinakuwa kumi na tano wala si tatu, kwa sababu ukurasa mrefu unabeba matangazo mengi. Nyingine zimeandikwa na kampuni inayouza programu mojawapo, na ajabu, bidhaa yake ndiyo namba moja. Ukiletewa orodha siku nyingine, tafuta Skype kwanza. Ukiikuta inasifiwa kana kwamba ipo, funga ukurasa, usipoteze mega nyingine.

Sasa tuje kwako. Nilikuuliza unaongea na nani kwa siku, ukanihesabia kwa vidole: wakala wa Dar, mtu wako wa forodha Kasumbalesa, wateja wa Likasi na Kolwezi, dada yako Brussels, na yule Mchina wa Guangzhou. Orodha ile haikukuuliza swali hilo. Imepanga programu kwa uzuri wa rangi na wingi wa vikaragosi, kama kwamba mtu anachagua programu peke yake chumbani. Programu ya kuzungumza inachaguliwa na aliye upande wa pili. Programu kama Signal ingekuwa nzuri mara kumi, kama mteja wa Kolwezi hana Signal utakuwa unaongea na ukuta.

Watu wako wote wako WhatsApp kwa uhakika isipokuwa mmoja. Basi WhatsApp ibaki, ila usiiweke kama programu. Ifungue ndani ya kivinjari, yaani programu unayofungulia intaneti siku zote, kisha kwenye WhatsApp ya simu yako ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uielekeze kwenye ile alama ya mraba, imekwisha. Unaweza kuunganisha vifaa vinne na simu moja, na siku hizi simu ikizimika mazungumzo kwenye kompyuta yanaendelea. Zamani haikuwa hivyo. Umeme ukikatika mchana kutwa na simu ikaisha chaji, mashine yenye betri inaendelea kupokea oda, mradi ina intaneti isiyotoka kwenye simu hiyo. Ila usiiache simu zaidi ya siku 14 bila kuifungua, maana vifaa vyote vitaondolewa.

Mchina wako ni habari nyingine. China ilifunga WhatsApp tangu 2017, kwa hiyo ukiona anakujibu WhatsApp, ujue anapitia njia ya kuzunguka, na siku njia hiyo ikikatika atanyamaza huku pesa yako iko kwake. Nyumbani kwake ni WeChat. Hiyo iweke kwenye mashine. Ukifungua akaunti mpya inaweza kukudai mtu mwenye akaunti ya zamani akudhamini, basi mwombe yeye mwenyewe. Halafu fanya jambo ambalo orodha haikulitaja kabisa: kila mwisho wa wiki tumia WeChat ya kompyuta kunakili mazungumzo ya simu. Mazungumzo ya WeChat yanakaa ndani ya simu. Simu ikiibwa sokoni, bei mliyokubaliana imekwenda nayo.

Nikuonyeshe kitu kimoja nilichokiona kwenye mashine yako. Mchina wako alikutumia kwa WhatsApp picha ya kitenge cha buluu chenye mbegu za njano. Ulilalamika kwamba rangi iliyofika si ile uliyoagiza. Niliikuza picha ile mpaka ukingoni, pale penye maandishi ya kiwanda na namba ya mchoro. Maandishi yote yalikuwa ukungu, namba haisomeki, nyuzi zimeungana kama uji. Si kosa la kamera yake. WhatsApp inaibana picha ya kawaida ili isafiri haraka. Mwambie asiitume kama picha, aitume kama hati. Hapo inafika vilevile ilivyopigwa, na utasoma namba ya mchoro herufi kwa herufi kabla hujalipa. Itakula mega zaidi, lakini ni picha moja kwa kila mchoro, si video za harusi. Hizo video zizuie: kwenye mipangilio ya WhatsApp zima kupakua kwenyewe.

Uzito wa mashine sasa. Mashine yako ina kumbukumbu ya giga 4 tu. Bonyeza Ctrl, Maj (Shift) na Échap (Esc) kwa pamoja, utaona "Gestionnaire des tâches", orodha ya programu zilizo wazi. Gusa neno "Mémoire" na walafi watapanda juu. Kwako aliyekaa juu alikuwa namba moja wa orodha: ile programu inayojumlisha huduma zote katika dirisha moja. Inavutia kuisikia. Lakini programu za aina hiyo, iwe Franz iwe Rambox, ndani yake ni kivinjari, na kila huduma ni ukurasa unaojitegemea. Huduma tano ni kurasa tano wazi kutwa nzima. Kwa mwenye giga 16 si neno. Kwa giga 4, mashine inahema. Niliitoa. Nikatoa na Messenger, kwa sababu programu yake ya kompyuta Meta, kampuni yenye Facebook, iliisimamisha Desemba 2025. Ukiihitaji unaipata ndani ya ukurasa wa Facebook. Kisha kwenye "Démarrage" nikazima zote zilizokuwa zinajiwasha zenyewe.

Telegram nimekuachia uamuzi. Faili la mpaka giga 2 linapita bure, na programu yake ya kompyuta haiitegemei simu ukishaingia. Siku Mchina akitaka kukutumia katalogi nzima, utaikumbuka.

Na popote utakapopakua, nenda kwenye ukurasa wa aliyeitengeneza programu. Mwaka 2016 nilimpakulia mteja programu kutoka kwenye kitufe kikubwa cha kijani katikati ya orodha kama hiyo. Ikaja na mwenzake ambaye hatukumwita, akageuza kivinjari na kumwaga matangazo. Nilikesha siku mbili kuisafisha mashine ya mtu, bila malipo, maana kosa lilikuwa langu.

*Mkubwa, mimi ni mwanafunzi, naishi Kasapa. Orodha niliyosoma inaiweka Telegram namba moja kwa usiri. Kwenye simu naona mazungumzo ya siri, lakini kwenye kompyuta ya Windows ya cyber siyaoni. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa chuo*

Mdogo wangu, hujakosea. Aliyekosea ni mwandishi wa orodha. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, yaani kwa kufuli ambalo ni wewe na unayeongea naye tu mnaoweza kulifungua. Yanakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni, ndiyo maana unayakuta kila unapoingia. Yale ya siri yanafungwa kweli, lakini yanabaki kwenye kifaa kilichoyaanzisha, na programu yao ya Windows haina sehemu hiyo. WhatsApp inafunga mazungumzo yote tangu 2016, kwa mfumo uliotoka kwa watu wa Signal. Signal yenyewe iko chini ya shirika lisilo la biashara lililoanzishwa 2018 na Moxie Marlinspike pamoja na Brian Acton, yule aliyeanzisha WhatsApp na mwenzake Jan Koum. Acton alitoa dola milioni 50 za kuanzia. Kama usiri ndio unaoutafuta, Signal.

Lakini kuna jambo linanisumbua kuliko hayo yote. Unaniambia unatumia kompyuta za cyber. Mwezi uliopita, jioni nikifunga kibanda, niligusa kipanya cha mashine ya pili, skrini ikawaka: WhatsApp ya mtu, wazi kabisa. Majina upande wa kushoto, picha ya mtoto mchanga, na juu ujumbe kutoka kwa mkewe uliokuwa umeingia dakika ile ile. Alikuwa amekuja saa nne asubuhi kuchapisha diploma, akainuka, akaondoka. Saa nane nzima kila aliyekalia kiti kile angeweza kusoma, angeweza hata kujibu kwa jina lake na kuomba pesa. Nilimtoa bila kusoma, na aliporudi kuchukua fotokopi zake nilimweleza. Alikaa chini, akanyamaza kwa muda mrefu.

Kufunga mazungumzo kutoka mwisho hadi mwisho hakusaidii kitu ikiwa mwisho mmoja umeuacha wazi mezani. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, shika simu, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na ondoa kila usichokitambua. Fanya hivyo kwa WhatsApp, kwa Telegram, kwa Signal. Na ukiwa cyber tumia dirisha la siri la kivinjari, halafu ulifunge mwenyewe.

*Kaka, niko Katuba, nimemaliza shule, sina kazi. Nataka kuandika makala za "programu 10 bora" kwa Kiswahili nipate hela ya matangazo. Nianzie wapi? — Kijana wa Katuba*

Kijana wangu, andika, na Kiswahili chako kinahitajika. Mtu wa Kipushi anayesoma orodha ya Kiingereza hasomi habari za umeme unaokatika wala simu yenye laini mbili. Ila ukiwa umetumia programu nne, andika nne. Weka tarehe uliyoijaribu kila moja, mashine uliyoijaribia, na mega zilizokwenda. Kuzipima si kazi: andika salio kabla, piga simu ya video dakika kumi, andika salio baada. Hizo namba hakuna atakayekuwa nazo isipokuwa wewe. Kama kuna kiungo kinachokulipa, mwambie msomaji waziwazi hapo hapo kilipo. Na kila miezi mitatu rudi uifungue tena. Iliyokufa ifute, usibadilishe tarehe tu.

Ukimaliza ya kwanza, ichapishe uniletee hapa sokoni Kenya. Nitaisoma kwa kalamu, kama nilivyosoma ile ya mama wa vitenge.