Maswali na Majibu: Tunataka kuwa walezi wa kambo Uingereza, tuanzie wapi?

SWALI

Assalaam alaikum. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunaishi Leicester kwa miaka mingi sasa na tuna ruhusa ya kudumu ya ukaazi. Nyumba ni ya kupanga, ina vyumba vitatu vya kulala, na binti zetu wawili wanalala pamoja. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, usiku mara tatu kwa wiki, na mume wangu anaendesha teksi. Nataka sana kuwa mlezi wa kambo (foster carer), yaani kumlea nyumbani kwetu mtoto aliye chini ya uangalizi wa halmashauri. Mume anasema "sawa tu", ila anaogopa kosa lake la zamani la kuendesha gari bila bima. Mwaka juzi tulikaa na mtoto wa binamu yake, wa miaka tisa, kwa miezi minne mama yake alipokuwa anaumwa, na hakuna ofisi iliyotuuliza kitu. Je, hiyo itahesabiwa kuwa ni uzoefu? Na kazi yenyewe ikoje? Wengine wanasema ni pesa ya bure.

JIBU

Wa alaikum salaam, dada yangu. Nianze na yale yanayokutia hofu, maana ndiyo mepesi.

Kupanga nyumba si kikwazo, ilimradi mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Uraia nao hautakiwi. Ruhusa yenu ya kudumu inatosha. Kinachotazamwa ni chumba: mtoto aliyevuka miaka mitatu anatarajiwa awe na chumba chake, na binti zenu wakiendelea kulala pamoja, chumba mnacho. Kosa la bima halifungi mlango. Yanayofunga ni makosa dhidi ya watoto na makosa mazito ya kingono. Mengine huulizwa tu yalitokea lini, ilikuwaje, na mtu amebadilika vipi. Cheti cha DBS, yaani ukaguzi wa rekodi ya makosa ya jinai, mumeo anakijua tayari kwa sababu ya leseni yake ya teksi. Alitaje kosa hilo mwenyewe, siku ya kwanza. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kuona watu wakianguka kwa kilichofichwa, na kosa lenyewe lingesamehewa bila tabu.

Kinachonipa wasiwasi ni ile "sawa tu". Wanandoa hutathminiwa pamoja, na anayemridhia mwenzake ili mambo yaende hujulikana mapema. Fikiri zile usiku tatu uko kazini: mtoto akiamka saa nane anapiga kelele kwa ndoto mbaya, aliye naye ni mumeo. Na kama naye huendesha teksi usiku, nyumba hiyo haina mlezi, na hapo hata sisi maofisa hatuna la kuwasaidia. Kaeni mlimalize hilo kabla ya kupiga simu yoyote.

Mkishapeleka maombi kwa shirika la malezi, liwe halmashauri au wakala binafsi, hatua ya kwanza ni ya karatasi: DBS kwa kila mtu wa nyumba aliyefika miaka 18, uchunguzi wa afya kupitia daktari wenu, wadhamini, taarifa kutoka halmashauri za kila mlikowahi kuishi, na mara nyingi cheti cha polisi cha nchi mliyotoka. Agizeni cha Tanzania mapema, kisije kikawachelewesha wakati mengine yote yameshakamilika. Kuna pia mafunzo ya siku chache, na mumeo aende na yeye.

Hatua ya pili ndiyo inayowatikisa watu wetu. Ofisa wa ustawi wa jamii atakuja nyumbani mara kadhaa, na maswali yake hayahusu usafi wa jiko. Atauliza ulilelewaje. Nani alikuadhibu, kwa nini, na ulijisikiaje. Mkigombana na mumeo mnagombana vipi. Kama kuna mtu mliyewahi kuoana naye au kuishi naye kabla, huenda akatafutwa. Binti zenu watazungumza naye peke yao. Sisi tumefundwa kwamba mambo ya ndani hayatoki nje ya mlango, kwa hiyo wengi hujibu kwa heshima na ufupi: "Tulilelewa vizuri, alhamdulillah." Jibu hilo linamwacha ofisa mikono mitupu. Hatafuti aliyepata utoto mwororo. Anatafuta mtu anayeweza kuutazama utoto wake, machungu yakiwemo, akasema alijifunza nini. Aliyewahi kupelekwa kulelewa kwa bibi au kwa mjomba, na akaweza kueleza jinsi alivyomkumbuka mama yake usiku, ana kitu ambacho mafunzo hayampi mtu. Yote huandikwa katika ripoti iitwayo Fomu F, mnaisoma ninyi wenyewe, kisha inakwenda mbele ya jopo. Jopo linapendekeza tu, uamuzi ni wa mkubwa mmoja wa shirika. Kwa kawaida safari nzima ni miezi minne hadi sita, na wakati mwingine zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Mtoto huyo hatakuwa wako, na hilo linaingia kwenye kila jambo dogo. Akiwa ameletwa kwa amri ya mahakama, mamlaka ya uzazi iko kwa halmashauri na kwa wazazi wake. Akiwa ameletwa kwa hiari ya wazazi, mamlaka yote imebaki kwao. Wewe una yale tu uliyokabidhiwa kwa maandishi. Kumnyoa nywele, kumruhusu akalale kwa rafiki, kumpeleka Tanga likizo, kumweka kwenye status yako ya WhatsApp siku ya Idi: kila kimoja kina aliyeruhusiwa kuamua, na mara nyingi si wewe. Picha mtandaoni, isahau kabisa. Nywele nazitaja kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazoleta ugomvi kuliko watu wanavyodhani. Mlezi anampunguza mtoto nywele kwa nia njema, mama mzazi anakuja kumwona Jumamosi na anachokiona ni kwamba amenyang'anywa mtoto mara ya pili.

Na huyo mama utakutana naye. Watoto wengi huonana na wazazi wao kwa ratiba, na wewe ndiye utakayempeleka, utakayempokea akirudi amenuna au amelowa kitandani usiku ule, na utakayetakiwa kumsema mama yake kwa adabu hata kama unajua aliyoyafanya.

Kupiga ni marufuku moja kwa moja. Kanuni za huduma za malezi ya kambo za 2011 zinakataza adhabu yoyote ya mwili, na "kofi dogo la mapenzi" limo. Ofisa atauliza pia mnawaadhibu vipi binti zenu, kwa hiyo msidhani mtakuwa na sheria mbili chini ya paa moja.

Kuna kuandika. Kila siku unaweka kumbukumbu fupi: amekula nini, amelala vipi, amesema nini, ameumia wapi. Kiingereza kisikutishe, sentensi za kawaida zinatosha. Zinakulinda na wewe, kwa sababu tuhuma dhidi ya walezi hutokea, na siku ikitokea, kinachosimama ni ulichoandika jioni ile ile. Ofisa wako atakutembelea kwa miadi, na angalau mara moja kwa mwaka bila miadi.

Usitarajie mtoto wa Kiswahili wala wa Kiislamu, ingawa halmashauri ina wajibu wa kuzingatia dini, asili, utamaduni na lugha yake inapompangia pa kuishi. Ukiletewa Mkristo, utahakikisha anapata nafasi ya kwenda kanisani akitaka. England ina zaidi ya watoto 80,000 walio chini ya uangalizi wa halmashauri, na wanaokosa walezi zaidi ni vijana wa miaka ya ujana na ndugu wasiotakiwa kutenganishwa. Vichanga ambavyo kila mwombaji anaviota ni wachache.

Pesa. Serikali hupanga kila mwaka posho ya chini kabisa kwa umri wa mtoto na eneo, na mashirika mengi huongeza ada ya mlezi juu yake. Walezi huhesabiwa kuwa wamejiajiri, ila msamaha wa kodi ni mkubwa: mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2023 ulikuwa pauni 18,140 kwa kaya, pamoja na pauni 375 kwa wiki kwa kila mtoto chini ya miaka 11 na pauni 450 kwa aliyezidi hapo, na tangu hapo viwango vimepandishwa. Kwenye hesabu za Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, posho haiingizwi. Lakini mtoto akiondoka, kwa kawaida nayo inaondoka naye, na unaweza kukaa miezi bila mtoto mwingine. Anayesema ni pesa ya bure hajawahi kuitwa na shule saa nne asubuhi, mara tatu kwa wiki moja, kwenda kumchukua kijana aliyerusha kiti.

Sasa mtoto wa binamu. Ndiyo, ni uzoefu, tena mzuri. Ila mlitakiwa kuijulisha halmashauri. Kwa sheria ya watoto ya 1989, mtoto chini ya miaka 16 (au 18 akiwa na ulemavu) akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, ni malezi ya faragha na lazima yatolewe taarifa. Ndugu wa karibu wanaotambuliwa ni babu na bibi, kaka na dada, ami, mjomba, shangazi, khalati na mzazi wa kambo wa ndoa. Binamu hayumo, hata kama kwetu huyo ni mwanenu kamili. Wenyeji wa huku wanaichukulia kwa uzito kwa sababu ya Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast aliyekufa London Februari 2000 baada ya kuteswa na ndugu wa ukoo aliyemleta Ulaya kwa ahadi ya elimu, pamoja na mwanamume aliyeishi naye. Maofisa walimwona mara kadhaa, hawakumwokoa. Kwa hiyo msilifiche, na msisubiri mtoto mwenyewe alitaje. Semeni: tulimpokea kwa sababu mama yake alikuwa anaumwa, hatukujua sheria hii, sasa tunaijua. Mkipata mwingine, taarifa hutolewa wiki sita kabla, au papo hapo kama ni dharura.

Kwa hali yenu ningeanza na malezi ya mapumziko, yaani kumchukua mtoto wikendi moja au mbili kwa mwezi ili mlezi wake wa kudumu apumue. Usiku wako wa kazi unaweza kupangwa kuzunguka hilo, na mumeo atajijua. Pigeni simu halmashauri kabla ya wakala binafsi: wakala wengi hulipa zaidi, lakini halmashauri hujaza kwanza nyumba za walezi wake mwenyewe. Ulizeni tarehe ya kikao chao kijacho cha taarifa kwa wanaotaka kuanza, na mwende wawili.